Meneja wa bidhaa, wa ukuaji na wa masoko ya bidhaa: mwongozo kamili wa kutofautisha na kugawa kazi zao

Kampuni changa ya teknolojia kwa kawaida huanza na mtu mmoja anayebeba kila kitu. Ndiye anayeamua programu ijengwe vipi, ndiye anayeandika tangazo, ndiye anayehesabu waliojisajili jana. Matatizo huanza anapoajiriwa wa pili na wa tatu. Mmoja anapewa cheo cha meneja wa bidhaa (anayeamua kijengwe nini), mwingine meneja wa ukuaji (anayetafuta njia za kuongeza wateja wanaobaki), mwingine meneja wa masoko ya bidhaa (anayeamua bidhaa ielezwe kwa nani na kwa maneno gani), na haipiti miezi miwili kabla hawajaanza kugongana: bei anaipanga nani, ujumbe wa kumkaribisha mteja mpya ni wa nani, nani anaruhusiwa kusogeza tarehe ya uzinduzi mbele.

Dawa inayotumika sana ni kuandika orodha ndefu ya majukumu ya kila mmoja. Haiponyi, kwa sababu majukumu ya watu hawa yanaingiliana kila siku na ni sawa yaingiliane. Wote watatu wanaongea na wateja, wote wanasoma takwimu, wote wana maoni kuhusu maneno yaliyo kwenye skrini. Kinachowatenganisha ni uamuzi upi uko mikononi mwa nani, na namba ipi ikishuka yeye ndiye anayeulizwa. Mwongozo huu umejengwa juu ya hilo.

Mfano tutakaoutumia ni programu ya simu ya kutunza hesabu za duka la rejareja. Mwenye duka anaandika mauzo ya siku, madeni ya wateja wake na bidhaa zilizobaki kwenye rafu. Siku 30 za kwanza ni bure, kisha analipa shilingi 3,000 kwa mwezi. Kampuni na takwimu zake ni za kubuni, zimewekwa ili hesabu zionekane, lakini hesabu zenyewe ndizo utakazozifanya kazini.

Kazi hizi zilikotoka

Kazi ya bidhaa ndiyo kongwe. Mei 1931, Neil McElroy wa kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani, aliyekuwa akishughulikia matangazo ya sabuni ya Camay, aliwaandikia wakubwa wake akitaka kila chapa iwe na mtu wake wa kuisimamia mwanzo hadi mwisho. Ofisi nyingi za leo zenye meneja wa bidhaa zimerithi wazo hilo, ingawa kwenye kampuni za programu kazi ilihama kutoka kwenye matangazo ikaenda kukaa na wahandisi. Pengo lililoachwa upande wa soko ndilo lililojazwa na masoko ya bidhaa. Ukuaji ni mdogo wao wote. Ulipata sura yake kwenye kampuni za intaneti, Facebook ikiwemo, ambayo mwishoni mwa miaka ya 2000 iliunda timu maalumu chini ya Chamath Palihapitiya. Timu hiyo ilijulikana kwa kushikilia lengo moja linalopimika: mtumiaji mpya apate marafiki 7 ndani ya siku 10.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni M-Pesa, ambao unaonyesha kazi zote tatu ndani ya huduma moja, hata kama vyeo vya waliozifanya viliitwa vingine. Majaribio ya mwaka 2005 nchini Kenya yalilenga kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya Faulu kurejesha mikopo midogo kwa simu. Watumiaji wakaonekana wanatumiana pesa wao kwa wao. Kuamua kwamba kutumiana pesa ndiko kuwe kiini cha huduma, na kuyaacha ya mikopo pembeni, ulikuwa uamuzi wa bidhaa. Safaricom ilipozindua huduma Machi 2007, haikuwaeleza watu teknolojia wala kadi ya laini inavyofanya kazi. Iliwaambia watume pesa nyumbani. Maneno hayo yalimlenga aliye mjini mwenye wazazi kijijini, na kumchagua huyo na kumpa maneno hayo ni kazi ya masoko ya bidhaa. Kisha kuna utaratibu uliomruhusu aliyesajiliwa kumtumia pesa asiyesajiliwa, kwa ada iliyo juu zaidi, naye mpokeaji akaenda kutoa kwa wakala akiwa na namba aliyotumiwa kwa ujumbe. Kila muamala wa namna hiyo ulimfikisha mtu mpya mbele ya wakala anayeweza kumsajili, na ulimpa mtumaji sababu ya kumhimiza ndugu yake ajisajili. Utaratibu wa aina hiyo, ambamo matumizi yenyewe yanaleta watumiaji, ndio uwanja wa mtu wa ukuaji.

Hatua ya 1: Mpe kila mmoja swali lake

Liandike swali juu ya ukurasa wa kwanza wa mkataba wake wa malengo, kabla ya jukumu lolote.

Meneja wa bidhaa: ni tatizo lipi la mwenye duka tulitatue sasa, na suluhisho lifanye kazi vipi ili aendelee kulitumia?

Meneja wa masoko ya bidhaa: ni mwenye duka yupi hasa, kwa nini atuchague sisi aache anachotumia leo, na tumwambie maneno gani ili aelewe hivyo?

Meneja wa ukuaji: kati ya kusikia habari zetu na kuwa mteja wa kudumu, watu wanapotelea hatua gani, na ni badiliko lipi tulijaribu ili wapungue kupotea?

Pima kama mmeelewana kwa kuwapa tatizo moja. Waambie: waliolipa mwezi huu ni pungufu kuliko mwezi uliopita. Meneja wa bidhaa atataka kuwaona walioacha na kuuliza walikuwa wanajaribu kufanya nini walipokwama. Wa masoko ya bidhaa atauliza waliosajiliwa walikuwa maduka ya aina gani, na waliahidiwa nini. Wa ukuaji atafungua takwimu za kila hatua atafute ni ipi iliyoshuka na tangu tarehe ipi. Wote watatu wakitoa jibu moja, au wote wakikimbilia kupunguza bei, bado hujawatenganisha.

Hatua ya 2: Tengeneza namba za kila mmoja, na uzieleze bila utata

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo chukua muda. Namba isiyoelezwa vizuri inaweza kupanda huku kampuni inakufa.

Anza na meneja wa bidhaa. Namba yake ni kiwango cha wanaobaki. Usiseme “watumiaji hai”. Sema mwenye duka aliyeandika mauzo angalau siku 3 ndani ya wiki ya 8 tangu ajisajili. Siku 3 kwa nini? Kwa sababu duka linauza kila siku, na anayeandika mara moja kwa wiki bado anategemea daftari lake. Ingekuwa programu ya kulipia ada za shule, mara moja kwa muhula ingetosha. Kipimo kifuate mwendo wa kawaida wa kazi ya mteja.

Meneja wa ukuaji anabeba gharama ya kumpata mteja anayebaki, wala si gharama ya kumsajili mtu. Tofauti ya hizo mbili ni kubwa mno. Tuseme mwezi Machi wamesajiliwa wenye maduka 400 kupitia mawakala wa mtaani, kila usajili ukigharimu shilingi 4,000. Jumla ni 1,600,000. Wiki ya 8 wamebaki 60, yaani asilimia 15. Gawanya 1,600,000 kwa 60 upate takriban shilingi 26,700 kwa kila anayebaki. Kwa malipo ya shilingi 3,000 kwa mwezi, inachukua karibu miezi 9 ya malipo kurudisha fedha hiyo, kabla hujalipa mshahara wa mtu yeyote.

Sasa angalia kinachotokea meneja wa bidhaa akirekebisha kitu kimoja, mathalani kuandika deni kwa hatua mbili badala ya sita, na wanaobaki wakapanda kufika asilimia 30. Gharama kwa kila anayebaki inashuka hadi takriban 13,300, bila mtu wa ukuaji kugusa chochote. Ndiyo maana kumlaumu mtu wa ukuaji kwa gharama kubwa wakati bidhaa haishiki watu ni kumwonea. Dropbox, kampuni ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, waliliona jambo hili kwa upande wa matangazo: mwanzoni walilipa kati ya dola 233 na 388 kumpata mteja mmoja wa huduma ya dola 99 kwa mwaka. Walipogeukia mpango wa kualika, ambapo mwalikaji na mwalikwa wote wanapewa nafasi ya ziada ya kuhifadhi mafaili, wakatoka watumiaji 100,000 Septemba 2008 hadi 4,000,000 Januari 2010. Mpango huo ulifaulu kwa sababu zawadi yake ilikuwa bidhaa yenyewe, na bidhaa ilikuwa tayari inapendwa.

Namba ya masoko ya bidhaa ni ngumu kuliko zote, na wengi huikwepa kwa kuhesabu mabango na machapisho. Tumia mbili. Ya kwanza: kati ya waliosajiliwa, asilimia ngapi ni wale tuliowalenga? Ikiwa tumelenga maduka yanayokopesha na nusu ya waliokuja ni wauza vocha wasiokopesha mtu, ujumbe umekosea njia hata kama usajili umepanda. Ya pili ni ya ushindi dhidi ya mbadala: kati ya walioonyeshwa programu na watu wetu wa mauzo, wangapi walianza kuitumia ndani ya siku 14, na walioikataa walibaki na nini? Katika mfano wetu mshindani mkubwa ni daftari la shilingi elfu moja au mbili. Halihitaji chaji wala bando. Mtu wa masoko anayeshughulika na programu shindani tu bila kulijibu daftari hajaijua kazi yake.

Hatua ya 3: Gawa maamuzi, moja baada ya jingine

Kaeni pamoja saa mbili. Orodhesheni maamuzi yote yaliyoleta mabishano miezi mitatu iliyopita, na kila moja lipewe mwamuzi mmoja. Wengine wanashauri, mmoja anaamua. Hivi ndivyo tungegawa yale yanayosumbua zaidi.

Kipengele gani kijengwe mwezi ujao: bidhaa. Ukuaji na masoko wanaleta hoja na ushahidi, hawapeleki kazi moja kwa moja kwa wahandisi. Wahandisi wakipokea maagizo kutoka vyumba vitatu, watafanya ya anayepiga kelele zaidi.

Sehemu ya wakati wa wahandisi itakayotumika kwa majaribio ya ukuaji: iamuliwe mara moja kwa robo mwaka na mkuu wa kampuni, iandikwe kama kiasi, kwa mfano mhandisi mmoja kati ya watano. Mkiliacha hili bila kuamua, meneja wa ukuaji atakuwa mtu wa kuomba kila wiki.

Skrini za kujisajili na siku 7 za kwanza: ukuaji. Hili hubishaniwa sana, maana skrini hizo ni sehemu ya bidhaa. Lakini ndiko wanakopotea wengi na ndiko majaribio yanakoleta faida ya haraka. Meneja wa bidhaa abaki na kura ya turufu kwa jambo moja tu: jaribio lisiharibu usahihi wa hesabu za mteja.

Maneno: masoko ya bidhaa anamiliki ahadi kuu, jina la kila kipengele na orodha ya maneno ya kutumia na ya kuacha. Kama wameamua kusema “madeni ya wateja” basi isije skrini moja ikasema “mikopo”, kwa sababu mwenye duka akiona “mikopo” atadhani anakopeshwa yeye. Ukuaji anaruhusiwa kujaribu namna mbalimbali za kuisema ahadi hiyo, haruhusiwi kuahidi kingine.

Bei: hapa tunashauri masoko ya bidhaa aandae pendekezo, bidhaa aseme gharama ya kuitoa huduma na kipi kinaweza kutenganishwa, ukuaji alete takwimu za walioacha kwenye hatua ya malipo, na mkuu wa kampuni aamue. Ofa ya muda isiyozidi kiwango kilichokubaliwa, tuseme asilimia 20 kwa siku 14, ukuaji aitoe bila kuomba ruhusa.

Tarehe ya uzinduzi: bidhaa anaamua kama kitu kiko tayari, masoko ya bidhaa anaamua siku ya kutangaza. Zikitenganishwa hivi, kipengele kinaweza kuwashwa kimyakimya kwa maduka 50 wiki mbili kabla ya tangazo, na hitilafu zikaonekana mapema.

Hatua ya 4: Hati tatu, kila moja ukurasa mmoja

Hati ya tatizo ni ya meneja wa bidhaa. Iwe na tatizo kwa maneno ya mteja mwenyewe, ushahidi (wangapi wamehojiwa, takwimu zinaonyesha nini), mteja anafanyaje leo, dalili itakayoonyesha kwamba tumefaulu, na mambo ambayo hatutayafanya safari hii. Hilo la mwisho ndilo linaloachwa na ndilo linalookoa miezi. Mfano: toleo hili halitatuma ujumbe wa kumkumbusha mdaiwa, litaandika tu deni na kuonyesha jumla.

Hati ya nafasi sokoni ni ya masoko ya bidhaa. Ijibu haya kwa mfuatano: mteja ni nani kwa alama zinazoonekana, anatumia nini leo, tunamzidishia nini ambacho mbadala huo hauwezi, ushahidi wake ni upi, na sentensi moja ya ahadi. “Wafanyabiashara wadogo” haitoshi. Andika: mwenye duka la rejareja mtaani, anayekopesha wateja wasiopungua 10, anayeuza mwenyewe au na msaidizi mmoja, mwenye simu janja. Ahadi: “Jua unamdai nani, na shilingi ngapi, kabla hujafunga duka.” Ijaribu kwa kuwasomea wenye maduka 8 hadi 10 ambao hawajawahi kuiona programu, kisha waulize wakueleze wameelewa nini. Usiwaulize kama wanaipenda. Watasema ndiyo kwa adabu. Wakieleza kitu tofauti na ulichokusudia, tatizo ni sentensi.

Kadi ya jaribio ni ya ukuaji: dhana, badiliko lenyewe, kundi linalolengwa, namba itakayosogea na kwa kiasi gani, idadi ya watu inayohitajika, tarehe ya kusimamisha, na tutafanya nini ikishinda au ikishindwa. Ijazwe kabla jaribio halijaanza. Kadi inayojazwa baadaye daima huonyesha ushindi.

Hatua ya 5: Majaribio ya ukuaji, na kwa nini mengi hayana maana

Kampuni ndogo hunakili mtindo wa kampuni kubwa wa kujaribu rangi za vitufe, bila kuwa na watu wa kutosha kupima tofauti hiyo. Kuna kanuni ya makadirio inayokuokoa: idadi ya watu kwa kila kundi (lile linalopata badiliko na lile linalobaki na hali ya zamani) ni 16 mara p mara (1 − p), gawanya kwa d mara d. Hapo p ni kiwango cha sasa, na d ni ongezeko unalotaka kuweza kuligundua.

Tuseme asilimia 20 ya waliojisajili huandika mauzo siku ya kwanza, nawe unatarajia badiliko liwafikishe asilimia 25. Hapo p ni 0.20 na d ni 0.05. Hesabu: 16 × 0.20 × 0.80 ÷ 0.0025 = 1,024 kwa kila kundi, takriban 2,050 kwa makundi mawili. Ukisajili watu 150 kwa wiki utasubiri karibu wiki 14. Ukitaka kugundua ongezeko la asilimia 2 tu, yaani kutoka 20 hadi 22, unahitaji 6,400 kwa kila kundi, na hapo umepita mwaka na nusu. Kwa hiyo kampuni yenye usajili wa namna hii ijaribu mambo makubwa yanayoweza kusogeza namba kwa asilimia 10 na zaidi: kumpigia simu kila mteja mpya siku ya pili, kumwingizia bidhaa 30 zinazouzwa sana badala ya kumwachia orodha tupu, au kumruhusu aanze bila kuandika namba ya siri. Kwa ongezeko la asilimia 10 kanuni inakupa 256 kwa kila kundi, yaani wiki tatu na nusu. Na usilisimamishe jaribio siku unayoona upande mmoja unaongoza. Namba za siku za mwanzo huyumba sana.

Njia ya mawakala wa mtaani ina hatari yake ya pekee. Ukilipa bonasi kwa kila usajili, utapata usajili: laini za ndugu, laini zilizolala, duka moja limesajiliwa mara tatu. Wakala anafuata kile unachokilipia, na anayelipia kitu kibaya ni wewe. Igawe ile 4,000: shilingi 1,000 mteja akijisajili na 3,000 akishaandika mauzo katika siku 10 tofauti ndani ya siku 30. Weka alama kwenye simu moja inayosajili maduka zaidi ya mawili, na piga simu kwa sampuli ya maduka 20 kila wiki. Usajili utashuka mwezi wa kwanza. Mwambie mkuu wa kampuni mapema, asije akashtuka akarudisha utaratibu wa zamani.

Ujumbe mfupi nao una hesabu yake. SMS ya kawaida hubeba herufi 160. Ukiweka emoji moja kikomo kinashuka hadi 70, na ujumbe uliopangwa kulipiwa mara moja unalipiwa mara mbili au tatu. Maandishi ya duka la programu la Google yana kikomo cha herufi 30 kwa jina na 80 kwa maelezo mafupi. Hapa masoko ya bidhaa na ukuaji wanakutana: mmoja anatoa matoleo matatu ya maelezo yanayotunza ahadi, mwingine anayapima.

Kabla ya kutuma ujumbe wowote wa kundi, au kuomba ruhusa ya kusoma kitabu cha namba za mteja, pitieni sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Namba za wadaiwa walio kwenye programu ya mwenye duka ni za watu ambao hawakukupa ridhaa yoyote. Kuwatangazia huduma yako kwa sababu tu namba zao unazo ni kuvunja imani ya mwenye duka na ya mdaiwa pia, hata kama usajili ungepanda kwa wiki moja.

Hatua ya 6: Uzindueni kipengele kimoja pamoja

Chukua kipengele cha madeni ya wateja kama zoezi. Wiki ya 8 kabla ya uzinduzi, bidhaa anatoa hati ya tatizo. Masoko aisome hapo, si wiki moja kabla ya tangazo. Akichelewa kuingia atabaki mpamba maneno ya kitu kilichokwisha kuamuliwa. Wiki ya 6 hati ya nafasi sokoni inakamilika na maneno ya skrini yanatokana nayo. Wiki ya 4 ukuaji anahakikisha kila tukio linarekodiwa: amefungua ukurasa wa madeni, ameandika deni la kwanza, ameweka malipo ya kwanza ya deni. Kusahau hili ndilo kosa linalotugharimu zaidi, kwa kuwa takwimu ambazo hazikurekodiwa siku ya uzinduzi hazipatikani tena. Wiki ya 2 kipengele kinawashwa kwa maduka 50, na watu wa huduma kwa wateja wanapewa majibu ya maswali 10 yanayotarajiwa. Wiki ya uzinduzi watu wa mauzo wanafundishwa kwa kuonyeshwa dukani. Slaidi peke yake haitoshi.

Baada ya wiki 4 mkutano mmoja, maswali matatu. Wangapi kati ya waliolengwa wameandika deni la kwanza? Kati yao wangapi wameandika la tano? Waliofikia la tano wanabaki kuliko wengine? Jibu la swali la kwanza likiwa baya, tazama maneno na njia za kufikisha habari. La pili likiwa baya, tazama bidhaa. La tatu litumie kwa uangalifu: huenda wenye bidii ndio waliofika la tano na wangebaki hata hivyo, kwa hiyo ukuaji aandae jaribio la kuwasukuma nusu ya wapya wafike huko kabla hamjatangaza kwamba deni la tano ndiyo siri ya biashara.

Hatua ya 7: Nani aajiriwe kwanza

Mwanzilishi mwenyewe ndiye meneja wa bidhaa wa kwanza, na asiiachie kazi hiyo mapema. Anayefuata, kwa maoni yetu, awe wa masoko ya bidhaa pale ambapo wateja wanabaki lakini watu wa mauzo wanaeleza bidhaa kwa namna tano tofauti. Wa ukuaji aje baada ya mstari wa wanaobaki kuacha kushuka: chora asilimia ya wanaobaki katika kundi la waliojisajili kila mwezi, kwa wiki 12; kama mstari unaendelea kuteremka kuelekea sifuri, mtu wa ukuaji atakuletea watu wengi zaidi wa kupoteza. Kama umelala kwenye asilimia 25 au 30 na haushuki tena, muajiri.

Mkiwa na fedha ya mtu mmoja tu kwa ukuaji na masoko, mchague kwa kuangalia njia ya mauzo. Bidhaa inayouzwa ana kwa ana kwa kampuni au shule inahitaji zaidi masoko ya bidhaa. Bidhaa ambayo mtu anaipakua na kuianza mwenyewe inahitaji zaidi ukuaji.

Kwenye usaili, mpe kila mwombaji kazi ya saa mbili, na kama kazi hiyo itatumika mlipe. Wa bidhaa mpe malalamiko 30 ya wateja, aseme matatizo matatu ya kweli yaliyomo na lipi aliache. Wa masoko ya bidhaa mpeleke kwa wenye maduka watatu, arudi na sentensi ya ahadi pamoja na maneno yao aliyoyasikia. Wa ukuaji mpe takwimu za hatua sita anazopita mteja, akuambie ipi aanze nayo, jaribio lipi, na lingechukua wiki ngapi. Anayejibu “tutaweka matangazo mtandaoni” kabla hajaziuliza zile namba za wanaobaki, asubiri nafasi nyingine.

Na wewe unayetafuta kazi, usitegemee jina la cheo, kwa kuwa kampuni mbili hutumia jina moja kwa kazi mbili tofauti. Uliza mambo manne kabla ya kusaini: nitapimwa kwa namba ipi, na imeelezwaje? Maamuzi gani nitayafanya bila kuomba ruhusa? Nina mhandisi au mbunifu wa kufanya naye kazi, au naomba kila mara? Aliyekuwa anaifanya kazi hii kabla yangu ni nani, na bado yupo? Ukiambiwa meneja wa ukuaji asiye na mhandisi wala ruhusa ya kugusa skrini za kujisajili, hiyo ni kazi ya matangazo. Ni kazi halali, ila ijadili kwa mshahara na malengo ya kazi ya matangazo.